Shimo la Waya wa Kijani

Fundi umeme alikuwa ameingia kwenye shimo la nyaya, magoti yamegusa kidevu, kifuniko cha mbao kilipomshukia kichwani.

"Dakika tatu tu, baba mkwe," mkwewe akasema kutoka juu. Huyu ndiye mwenye studio. Watu humwita Masikio, maana hujisifu kwamba husikia hata mbu akipiga chafya. "Wimbo mmoja. Kikohozi chako kitaingia kwenye rekodi."

"Na ule mvumo ulioniitia?"

"Nimeshauua mwenyewe!"

Kishindo. Amplifaya imekalishwa juu ya kifuniko. Mzee akasukuma kwa bega. Wapi!

Akawasha tochi aone mvumo umeuawa vipi. Nyaya za kijani, zile za kushuka ardhini, zimekatwa zote, mkato safi wa mkasi. Ni kweli nyaya hizo zikizungukana vibaya spika huvuma. Lakini hazikuwekwa kwa ajili ya spika peke yake. Zipo pia zibebe umeme uliotoroka, usipite kwenye mwili wa mtu.

Akachukua taa ya kupimia. Ncha moja kwenye kipande cha waya wa kijani kilichoshuka kutoka kwenye amplifaya, nyingine kwenye nondo ya shaba iliyochimbiwa chini. Taa ikawaka.

Lile dude lilikuwa na umeme mwili mzima, mpaka kwenye maiki.

Juu, nyayo za binti yake zikapita, pwata, pwata. Peku! Huvua viatu visilie kwenye rekodi, na sakafu ya saruji ilikuwa mbichi kwa deki.

"Mama watoto," spika ikanguruma, "nikifika tatu, shika maiki."

"Mwanangu, usishike!" Zulia na sponji za ukutani zikameza sauti yake.

"Moja."

Koleo lake lilikuwa na mipini ya mpira. Akaubana waya.

"Mbili."

Akaukandamiza kwenye nondo. Chwaa! Swichi kuu ikajikata, spika ikakata kauli.

"Baba, umeharibu!" Masikio akaja mbio, akigonga kifuniko. "Mvumo ulikuwa umekwisha!"

"Mwanangu yuko wapi?"

"Nipo, baba. Sijashika kitu. Ngoja tuliondoe hili utoke."

"Msiliguse! Swichi ikirudishwa, dude hilo litaua!" Koleo akazidi kulibana. "Wewe Masikio, chomoa plagi ukutani kwanza. Kisha uigonge hapa juu niisikie."

"Utakosa hewa, baba."

"Chomoa!"

Akangoja, shingo imepinda, jasho likimwingia machoni, mpaka plagi ilipogonga mbao juu ya kichwa chake. Ndipo akaachia.