Kahindo Ameshinda Kingereza

Kitendawili: niko na ukoo mukubwa unakaa mu kinywa kimoja, kila mutu na kazi yake, na hakuna anayelala njaa. Umeshindwa? Basi nipe muji. Lakini usinipe Bunia; mwaka ule wa 2003 Bunia ilikuwa na wenyewe wengi sana, kila mumoja na bunduki yake. Jibu ni maneno ya Kingereza.

Tulikuwa tunalala chini ya bashi, turubai la musaada, karibu na kiwanja cha ndege, mimi na mujukuu wangu Séphora, anayeniita Koko, ndiyo nyanya. Mama yake, Honorine, mutoto wangu wa kwanza, alikwama Tchomia, na bunduki zilikuwa zimefunga barabara. Gari moja tu ndiyo ilikuwa inapita, ile ya wazungu wa dawa. Wakatangaza wanatafuta musichana wa kutafsiri Kingereza. Mwenye kushinda mutihani wa Ijumaa atapanda ile gari, na ataruhusiwa kurudi na muzazi wake. Séphora hakuuliza mushahara. Alitaka kiti.

Mwalimu Athanase, aliyefundisha Kifaransa maisha yake yote na Kingereza tangu Jumatatu, akamuandikisha aina za maneno: jina, kitendo, sifa, na wenzao. Séphora alikariri mpaka midomo ikakauka. Kesho yake asubuhi, maneno yote yalikuwa yamechanganyika. Nikamwambia mwalimu, kwa heshima, kwamba mimi niliishia mwaka wa tano wa shule ya primeri, lakini nimechoma samaki Tchomia miaka makumi tatu, na hakuna mwanamuke anapanga samaki munene wa kapiteni pamoja na samaki mudogo juu ya moto mumoja. Huyu ataungua, yule ataoza.

Basi tukachukua vitunga. Kitunga cha majina: water ya kunywa, fish ya kuchoma, soldier wa kuogopa. Kitunga cha vitendo tukaanza na run, maana kwa kukimbia tulikuwa na mazoezi. Sifa ni kama kwaya ya parokia: zinasimama karibu na jina na kulipamba, hata kama halistahili. Maneno ya kueleza namna kitendo kilifanyika ni kama jirani yetu muzee Néhémie: hagusi jembe, lakini atakuambia umelima polepole, umelima vibaya. Na ya kuunganisha ni kama wajomba siku ya mahari. Hata mwalimu alianza kuandika.

Ijumaa Séphora akatoka mu mutihani akicheka. Hakukosa hata neno moja. Saa nane wakabandika karatasi kwenye lango. Jina lake halikuwamo. Aliyeshinda ni Kahindo fulani.

Mutoto akakaa chini mu vumbi. Mimi nikaanza kumutukana huyo Kahindo na ukoo wake, mpaka nikakumbuka kuuliza:

“Walikuuliza nini kwanza?”

“Jina langu, Koko.”

“Na weye ukajibu nini?”

Akageuka kuangalia tena ile karatasi ya lango. Siye wa Bunia wakati ule, mutu mwenye karatasi akikuuliza jina, ulimi unajibu mbele ya kichwa. Jina lilionyesha kabila, na kabila lilionyesha kaburi. Kila mutu alikuwa na jina la bariera, la kuwapa wenye bunduki waliofunga barabara. La Séphora lilikuwa Kahindo, jina la Wanande, wale wafanyabiashara wa kutoka Butembo, ambao juma lile hakuna aliyekuwa anawatafuta.

Akataka kurudi kusema kweli. Mwalimu Athanase naye akaanza mahubiri juu ya uongo. Nikamukata maneno, nikamugeukia Séphora.

“Kingereza ni chako, mutihani ni wako. Jina tu ndilo la kuazima. Panda gari, Kahindo.”

Akapanda. Kule Tchomia dereva akapita mu majiko ya samaki akiuliza mama wa Kahindo mutafsiri. Honorine alikuwa anageuza samaki juu ya moshi. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba yeye hajazaa Kahindo hata mumoja, na kama bwana yake alimuzaa inje, wakamutafute yeye. Alipoinua macho, akaona mutoto wake amesimama nyuma ya dereva, kadi ya Kahindo shingoni, anamutolea macho makali.

Honorine akaangalia kadi. Akaangalia gari, mulango wazi.

“Kumbe huyu,” akasema, akipangusa mikono kwa kitenge. “Huyu nilimuzaa kwa uchungu sana.”