Wifi Aliyekwenda Kuchota Maji

Fundi cherehani waliyemwita Sindano hakuwa mtu wa milima. Mlima aliuona kwa mbali asubuhi anapofungua kibanda chake, umejifunika mawingu, na hilo lilimtosha. Mwenye wazimu wa kupanda alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa mabega mapana na sauti ya kupasua bati, ambaye mtaa mzima ulimwita Kamanda. Siku za kazi Kamanda aliuza miwani, na hakuona haya kumwambia mteja kwamba fremu aliyoichagua inamfanya afanane na bundi. Siku za mapumziko alitia hema kwenye begi la mgongoni akapotelea msituni. Hata jina la Sindano ni yeye aliyelitoa, siku kaka yake alipomleta mchumba nyumbani. "Huyu ndiye?" aliuliza. "Mbona mwembamba hivi, kaka? Ukimwangusha zuliani hutampata." Watu wakacheka, jina likaganda.

Ndoa ya Kamanda ilipovunjika alihamia kwa kaka yake kwa muda. Ule muda ukaota mizizi. Alipewa chumba cha nyuma, kile ambacho Sindano alikuwa akikatia vitambaa, na tangu hapo cherehani yake ya nyumbani ikahamia sebuleni na maneno yakahamia jikoni. Chumvi imezidi. Pazia limekaa upande. Inakuwaje kaka anavaa shati lisilo na kifungo na mkewe ni fundi? Sindano alimeza, akameza tena, hadi jioni moja yalipomfika shingoni akamfokea mumewe: "Dada yako ahame, au nihame mimi! Nimechoka kuolewa na watu wawili!"

Wateja waliokuwa mlangoni wakisubiri nguo zao walisikia. Kamanda naye, nyuma ya ukuta, alisikia. Usiku huo alikula bila kuikosoa chumvi, na hilo lilimtisha Sindano kuliko matusi.

Wazo la mlima lilikuwa la mume. Alikuwa muuza vipuri vya magari, mtu mpole, akisikia kelele nyumbani anakumbuka ghafla kwamba kuna mzigo wa kupokea dukani. Kamanda alikuwa apande na wafanyakazi wenzake, wenzake wakaogopa mvua wakajitoa. "Nenda naye wewe," mume alimwambia Sindano. "Mkiwa wawili tu huko juu itabidi muongee. Mtarudi mmeelewana."

Sindano alikubali shingo upande. Kamanda alipoambiwa alimkagua kuanzia unyayoni hadi utosini. "Tafuta viatu vya maana," alisema. "Hivyo vyako vya harusini utaviacha kwenye tope."

Walijiandikisha kwa askari wa hifadhi pale kwenye lango la msitu, wakaanza kupanda. Njia ilipita chini ya miti mikubwa iliyofunikwa ndevu za kuvu, kisha ikaingia kwenye mianzi, na tope lilishika viatu kama mtu anayekuvuta urudi. Kamanda alitangulia. Kila penye mzizi unaoteleza alisimama akamnyooshea mkono bila kumtazama, na kila mara Sindano alijiuliza kama aushike, halafu akaushika. Jioni walipiga hema kwenye uwanja mdogo juu ya mianzi. Baridi ya huko haikuwa ya kawaida. Iliingia kwenye mifupa ikakaa.

Walipokuwa wamejikunyata wakinywa chai, Kamanda akasema, "Nilikusikia siku ile."

Sindano akakitazama kikombe. "Wifi, zile zilikuwa hasira."

"Hasira husema kweli. Tukirudi natafuta chumba." Akapuliza chai yake. "Lakini kula nitakuja kula kwako. Mimi kupika sijui, ndiyo maana nakukosoa. Ningejua ningepika mwenyewe."

Sindano alicheka hadi chai ikampalia, na Kamanda akampiga mgongoni kwa kiganja kizito kama mwiko wa kusongea, naye akicheka. Walilala mgongo kwa mgongo, wakipeana joto.

Mvua ilinyesha bila kupumzika. Asubuhi Kamanda alitoka nje, akatazama juu ambako hakukuwa na kitu ila weupe wa ukungu, akakata shauri warudi. "Mlima hauhami," alisema. Wakafunga hema likiwa limelowa, wakashika njia ya kuteremka.

Mahali njia inapopita ukingoni mwa korongo, maji yalikuwa yameila kwa chini, lakini juu nyasi zilionekana nzima. Kamanda alikanyaga. Ardhi ikamegeka chini yake kama mkate, akaenda nayo. Hakupiga kelele. Kilichosikika ni mianzi ikivunjika, kisha kishindo, kisha mto ulioko chini ukiendelea kunguruma kana kwamba hakuna lililotokea.

Sindano aliteremka kwa makalio, akishika mwanzi baada ya mwanzi, akiita. Alimkuta kwenye ukingo mdogo juu ya mto, amelala ubavu, paja limepinda mahali ambapo paja halipindi. Uso ulikuwa wa kijivu.

"Umevunjika," Sindano alisema.

"Nimeona," alijibu Kamanda, akisaga meno.

Mikono ya Sindano ilifanya kazi kabla akili haijatulia. Alichana kanga yake vipande, akakata mianzi kwa kisu, akaufunga mguu kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo. Kamanda alipiga yowe moja kisha akauma mkanda wa begi. Sindano akamwingiza ndani ya mifuko yote miwili ya kulalia, akamtandikia hema chini na kumfungia turubai kwa juu ili mvua isimpate. Simu hazikuwa na mtandao. Akachukua filimbi ya Kamanda akapuliza, akapuliza, hadi midomo ikafa ganzi. Lakini ni nani angekuwa mlimani na mvua ile?

"Wifi, inabidi nikalete watu," alisema.

Hapo ndipo Kamanda alipobadilika. Yule mtu wa amri, aliyezoea kuwaambia wenzake kwamba mmoja akiumia mwingine akimbilie msaada bila kuuliza, aliushika mkono wa Sindano kwa nguvu zote zilizobaki. "Usiniache. Kama ni kufa nitakufa, lakini si peke yangu huku. Niapie."

"Wifi…"

"Niapie!"

Sindano akaapa. Akakaa naye, akimsugua vidole. Lakini midomo ya Kamanda ilizidi kuwa ya bluu, na maneno yake yakaanza kugongana. Mara alimwita mama yake, mara alimuuliza Sindano kama duka limefungwa. Hapo Sindano akaelewa kwamba wakikaa hivyo watakaa mpaka mmoja wao awe maiti. Na akaelewa kwamba akisema anaondoka, mkono ule hautamwachia.

"Maji yamekwisha," alisema. "Nashuka hapo mtoni kuchota. Narudi sasa hivi."

Kamanda alimtazama kwa muda. Kisha vidole vikalegea. "Usikawie. Yale mawe yanateleza, wifi."

Sindano alimwachia biskuti na filimbi, akachukua sufuria ili aaminike. Alishuka kuelekea mtoni hadi mianzi ilipomficha, kisha akakata kushoto akaanza kuparamia kurudi kwenye njia. Akiwa katikati alisikia sauti kutoka chini. "Wifi! Umefika?"

"Nimefika!" alijibu. Akaitupa sufuria kwenye majani akakimbia.

Alianguka mara nyingi kiasi kwamba aliacha kujifuta. Kwenye ukungu alipotea mara moja, akafuata njia ya wanyama hadi ikamwishia kwenye miiba, akarudi analia kwa sauti kama mtoto. Alipolifikia lango la msitu hakuweza hata kusema. Askari wa hifadhi alimkalisha, akapata maneno yaliyohitajika, na bila kuchelewa watu wanne wakaanza kupanda na machela. Walimwambia abaki. Alikataa. Nani angewaonyesha mahali?

Walifika jua linakaribia kuzama, ingawa jua lenyewe halikuonekana siku nzima. Turubai lilikuwepo. Mifuko ya kulalia ilikuwepo, imevuliwa na kusukumwa pembeni. Kamanda hakuwepo.

Kwenye tope kulikuwa na mburuzo, kama wa gunia zito, ukiteremka kuelekea mtoni.

"Mguu huo huo uliovunjika?" askari alisema, haamini macho yake. "Alikuwa anakwenda wapi?"

Walimkuta karibu kabisa na maji, kifudifudi, viwiko vimechubuka hadi nyama, filimbi ingali mdomoni. Vibanzi vya mianzi vilikuwa vimefunguka. Alikuwa amelowa chapachapa na baridi kama jiwe, lakini alikuwa hai. Walipomgeuza alifumbua macho. Sindano aliinama, akaweka sikio mdomoni pake.

"Nilidhani maji yamekuchukua," Kamanda alisema.

Hakusema neno tena. Walimfunga kwenye machela, wakambeba kwa kupokezana, na Sindano alitembea ubavuni akiushika ule mkono. Ndani ya msitu, chini ya ile miti ya ndevu, mkono ulibadilika. Askari aliwaambia wenzake waishushe machela. Alimgusa shingoni, akavua kofia.

Msibani, mama mkwe hakumtazama Sindano usoni. Wale wateja waliosikia siku ile hawakukaa na maneno. Ilipomfikia muuza mkaa habari ilikuwa tayari imenona: walikuwa hawaivi, wakapanda wawili, akarudi mmoja. Polisi walimhoji, askari wa hifadhi akaeleza ukingo ulivyomegeka na mguu ulivyofungwa vizuri, mambo yakaishia hapo kituoni. Mtaani hayakuishia. Mtu akileta suruali ipunguzwe, aliitazama mikono ya Sindano.

Mumewe alimtetea. Alipigana kwa maneno na binamu zake, yeye aliyekuwa akikimbia kelele. "Mke wangu aliteremka mlima mzima kumtafutia dada yangu msaada," aliwaambia. "Ninyi mlikuwa wapi?" Na kila alipomtetea, Sindano alihisi kama anapewa nguo isiyo yake.

Jambo moja lilimsumbua mume, akalirudia kila jioni walipokaa kula. "Lakini kwa nini alitoka? Alikuwa amefunikwa, amefungwa. Dada alijua mambo ya mlima. Alijua akikaa sehemu moja atapona. Kwa nini ajiburute kwenye maji?"

"Maumivu yanachanganya akili," Sindano alijibu, mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu aliliacha tonge. Akanawa mikono, akamweleza. Kiapo, sufuria, "nimefika", na yale maneno ya mtoni ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia.

Mume aliisukuma sahani yake. Chakula kilipoa mbele yao.

"Ungemwambia ukweli," alisema mwishowe, "angefanya nini?"

"Angelia. Angenishika."

"Angelia," mume alisema. "Angelia tu. Basi."

Aliinuka akaenda chumba cha nyuma, akafunga mlango, na huko ndiko alikolala tangu siku hiyo. Kabla hajaufunga vizuri alisema, "Usimwambie mama."

Sindano alijaribu kumtii. Lakini mama mkwe alikuwa akiuliza swali lile lile kwa kila aliyekuja kumpa pole, na watu walimjibu walivyojisikia: pengine aliona njozi, pengine alitaka kujimaliza. Hilo la mwisho ndilo Sindano alilolisikia kwa masikio yake, kutoka kwa jirani mmoja mwenye mdomo mrefu, na alimwona mama mzee akiukunja uso kama aliyechomwa. Jirani alipoondoka, Sindano alipiga magoti sakafuni.

"Mama, hakutaka kujimaliza. Alikuwa ananitafuta mimi. Nilimdanganya kwamba nimekwenda kuchota maji, akaona sirudi."

Mama mkwe aliyasikiliza yote, macho yake dirishani. Sindano alisubiri kofi, au yowe, au hata laana. Angeipokea.

"Alijiburuta kukutafuta wewe," mama mkwe alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mlikuwa hamuelewani."

"Tulikuwa tumeanza."

Bibi yule alijifuta pua kwa pindo la kanga. "Nimekusikia. Sasa nenda kwako, mwanangu. Nikiweza kukutazama, nitakuita. Usije kabla sijakuita."

Kuanzia siku hiyo, mtu akisema mbele ya mama mkwe kwamba Sindano alimsukuma mwenzake, alifukuzwa pale pale. Na Sindano naye hakuitwa.

Mume alirudi chumbani kwao mvua zilipokatika. Hawakulizungumza. Ila mume alianza tabia mpya: kila Sindano alipovaa viatu, alimuuliza anakwenda wapi, na Sindano alimweleza duka kwa duka, mtaa kwa mtaa, na saa ya kurudi, naye akasikiliza mpaka mwisho ndipo akaitikia. Akichelewa kidogo, alimkuta amesimama barabarani.

Wito ulikuja msimu wa joto, kwa simu, sauti kavu: mama mkwe ana magauni mawili yamembana, kama fundi ana nafasi. Sindano alifunga kibanda akaenda. Alimpima kiuno, akampima kifua, akiogopa kumgusa zaidi ya futi ya kupimia ilivyohitaji. Bibi alikuwa amekonda. Magauni hayakumbana popote. Yalimpwaya.

"Haya, yanahitaji kupunguzwa, mama," Sindano alisema.

"Punguza basi," alijibu mama mkwe, akakaa kwenye kiti kumtazama akichomeka pini moja baada ya nyingine.