Dume Ndani ya Kabati Langu

Mjukuu wangu hutangaza siasa akiwa ndani ya kabati langu la nguo. Usicheke. Nyumba yetu ina mwangwi, naye amegundua kwamba magauni yangu huumeza. Basi hukaa kwenye kigoda katikati ya sketi zangu, simu mkononi, na huko redioni wanamwita Dume.

Wiki hiyo alikuwa kwenye majaribio. Ijumaa, kipindi kikiisha, mkuu wa redio angeamua nani apewe kiti cha mchambuzi wa asubuhi: yeye au mwenzake wanayemwita Nyundo. Kiti hicho alikuwa amekitamani kwa miaka mitatu.

Ijumaa yenyewe mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa na zamu ya asubuhi, na mtoto wao alikuwa anaota meno. Nikanyoosha mikono nimpokee.

"Hapana, Bibi. Goti lako limevimba. Wewe kaa."

Akamfunga mgongoni kwa mbeleko, vizuri kuliko ninavyofunga mimi, akaingia kabatini.

Nikakaa jikoni na redio yangu. Sauti yake hunifikia mara mbili: kwanza kupitia mlango wa kabati, kisha, baada ya kama sekunde kumi, redioni.

Mada ilikuwa mgombea mmoja aliyeacha mkutano wa kampeni kwa sababu mwanawe alikuwa na homa.

"Huyo ni yaya, si rais!" Nyundo akanguruma. "Mwanamume anashinda akipima joto la mtoto! Dume, sema!"

"Nchi inataka kifua, ndugu yangu," akajibu mjukuu wangu kwa ile sauti nzito ambayo hapa nyumbani haitumii hata kufukuzia kuku. "Inataka mtu asiyetikisika!"

Nilikwenda kuchungulia. Alikuwa anayumbayumba kumbembeleza mtoto, gauni langu la maua limemfunika kichwa.

Mara mtoto akaangua kilio. Kabatini pakawa kimya, nikajua ameulizwa jambo. Angeweza kusema ni mtoto wa jirani, na mimi ningemtetea. Lakini nikamsikia akisema, kwa sauti yake ya nyumbani:

"Mama yake yuko kazini. Mtoto yuko mgongoni kwangu."

Ndipo redio ikaniletea swali la Nyundo: "Dume, kuna mtoto hapo? Mama yake yuko wapi?" Likafuata jibu, na baada ya jibu, kicheko.

"Dume la mbeleko!" Nyundo alicheka hadi akakohoa.

"Cheka, ukimaliza unywe maji. Halafu uniambie, mpango wa afya wa huyo mgombea umeusoma?"

"Nisome nini, na mtu mwenyewe..."

"Kurasa arobaini. Anaahidi zahanati mia mbili, na muuguzi hajataja hata mmoja. Hapo ndipo tumkabe. Mtoto wake tumwachie. Na yale niliyosema kuhusu kifua yalikuwa upuuzi."

Kipindi kilipoisha, mkuu akapiga simu. Mjukuu wangu aliisikiliza akiwa amesimama, nyuzi za sweta langu zimemganda kwenye ndevu.

"Ndiyo, mzee. Naelewa, mzee. Asante."

Kiti amepewa Nyundo, maana wasikilizaji wanapenda makali. Mjukuu wangu amepewa robo saa kila Jumamosi, achambue mipango ya wagombea.

"Umeumia?"

"Nimeumia, Bibi. Nilikitaka kile kiti."

Sikumwambia haidhuru, maana ilidhuru. Nikaifungua mbeleko, nikampakata mtoto, ili baba mtu ahuzunike mgongo ukiwa mwepesi.

Alihuzunika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akauliza, "Jumamosi ya kwanza nianze na nani?"

"Anza na yule mama anayegombea. Wiki nzima mmetusimulia viatu vyake na sauti yake. Kama maji atatuletea au hatatuletea, hakuna aliyesema."

Akakuna kichwa. "Hata mimi sijui, Bibi."

"Basi soma, baba. Mtoto ninaye."