Felicitas Hajalia

...na kurasa mia mbili na kumi, Mwalimu, hajalia hata mara moja, anasema Mwesiga, mhariri, kutoka Bukoba, sauti yake inatoka kwenye simu iliyolazwa juu ya kigoda, na Evelyne hawezi kuishika kwa sababu vidole vyake vimejaa mabawa ya senene, panzi wa kuliwa, anang'oa bawa, anang'oa mguu, anatupa kwenye sufuria, na anafikiri, ni kweli, hajalia, miaka minne amemwandika Felicitas hapa hapa Nshamba, kwenye meza ya kusahihishia madaftari, na hakuwahi kukumbuka kumliza... mashine zinaanza saa nane, anasema Mwesiga, wakubwa wamekipenda kitabu, waitu, ndugu yetu, wamekipenda, ila sura ya mwisho, ukikubali tuibadilishe kinatoka, usipokubali wanachapa cha mtu mwingine, ndiyo hivyo, nahitaji jibu sasa hivi... na Lilian, dada wa mume wake, upande wa pili wa beseni, mdomoni ana senene wa jana wa kukaanga, anasema, mpe machozi mawili, wifi, yatakupunguzia nini, mimi kwenye msiba wa mjomba nililia mpaka nikapewa kiti, na nilikuwa nawaza mboga niliyoiacha jikoni... Evelyne anacheka, na neno sawa liko tayari mdomoni, kwa sababu kitabu ni kitabu, na umri wake ni miaka hamsini na mbili, na hakuna mwingine atakayempigia simu kutoka Bukoba... ni kitu kidogo tu, anasema Mwesiga, ukoo umekaa kumaliza matanga, mjane hana mtoto wa kiume, shemeji yake Bartholomayo anamwambia arudi kwao, safi kabisa, hapo hatugusi, lakini badala ya kukaa kwenye kiti cha marehemu na kula senene kwenye sahani ya wanaume, apige magoti, alie, shemeji amhurumie, ampe kipande cha shamba kule chini karibu na barabara, msomaji atampenda, hivi alivyo anaonekana hana heshima, na jalada usijali, mchoraji amemng'arisha kidogo, amekuwa maji ya kunde, dukani anavutia... amemng'arisha, anawaza Evelyne, Felicitas mweusi, aliyemwandika mweusi kuanzia mstari wa kwanza, mweusi kama bibi yake Magdalena wa Kishanda, aliyenyonyoa senene wa mume wake kila msimu kwa miaka arobaini asile hata mmoja, kwa sababu mwanamke akila, walisema, atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene, na Evelyne wa miaka minane aliiba mmoja akamtia mdomoni, bibi akampiga kofi mkononi, halafu akachungulia mlangoni kama babu ametoka, akainama, akauliza kwa sauti ya chini, ana ladha gani... naye alisema tu, mzuri, na bibi akarudi kunyonyoa... na babu alipofariki ukoo ulikaa, na bibi alipiga magoti, alilia, alilia kama anavyotaka Mwesiga, na Mzee Rugaibula, mdogo wa babu, akasema mbele ya wote, huyu ni mwanamke mwenye heshima, wakaitikia, na kabla wiki haijaisha alikuwa ametoka kwenye kibanja, shamba la migomba la mumewe, na mikeka miwili na chungu, heshima yake ameibeba yote, hawakumpunguzia hata kidogo... kwa hiyo Mwesiga hajui anachosema, machozi yalishajaribiwa, Kishanda, yakashindwa... Mwalimu, unanisikia, mtandao wenu huko... anasikia, anamsikia pia Esther, mwanafunzi wake wa kidato cha tatu, Muleba, dawati la nyuma, siku ile yeye Evelyne anafundisha fasihi, akiandika ubaoni, mwanamke mwema anavumilia, anaolewa, mwanamke mkaidi anakwenda mjini, anarudi kwenye jeneza, tunajifunza nini, na mikono yote chini isipokuwa mmoja, Mwalimu, kwani hakuna aliyekataa akabaki mzima, na darasa likacheka, na yeye akasema kaa chini, na wote walioandika tunajifunza kuvumilia akawapa alama, miaka ishirini na mbili anatoa alama kwa kuvumilia... wifi, mjibu mwenzio, anasema Lilian, simu inakula chaji... na hapo ndipo Evelyne anapoukumbuka mstari wake mwenyewe, ukurasa wa mwisho, Felicitas yuko kwenye kiti anakula, ukumbi kimya, Bartholomayo anainuka, anasema, basi, mwacheni akae, wanaume wanaitikia, mwisho, na aliupenda mstari ule, aliusoma kwa sauti jikoni, alidhani ni ushindi, kumbe alikuwa anamwombea ruhusa, mwanamke amesimama mwenyewe kurasa mia mbili na tisa, halafu mwandishi wake anamwita mwanaume aje kumwambia unaweza kukaa, Mwesiga anaomba magoti, yeye alikuwa ameshatoa nusu ya magoti hayo bila kuombwa... nabadilisha, anasema. Afadhali, anasema Mwesiga, Mungu akubariki, Mwalimu, nilijua utaelewa. Shika kalamu. Nimeshika. Ukurasa wa mwisho, Bartholomayo anaposema mwacheni akae, futa, na wanaume kuitikia, futa. Mlango unafungwa huko alipo Mwesiga, mtu anauliza kama amekubali, Mwesiga anasema subiri kwanza... sasa shemeji akinyamaza, Mwalimu, nani anamruhusu... hakuna, na mchoraji amrudishie weusi wake. Wakubwa hawatakubali, nakwambia kama dada yangu, saa nane wanaweka cha mtu mwingine. Waweke. Lilian ameacha kutafuna. Beseni bado lina nusu, senene wanapandiana ukingoni, Evelyne anakamata mmoja, anang'oa bawa... bado una kalamu, anauliza. Ninayo, anasema Mwesiga, polepole. Basi andika, Felicitas akachukua mwingine, akala, weka nukta, kitabu kimeisha.