Washenga Watatu, Mlango Mmoja

Mchana wa jua kali, baada ya wali na mchicha, Elifuraha Mchome anakaa kwenye kiti chake penye kizingiti cha nyumba yake huko Makorora, simu mapajani, akisubiri mmoja kati ya watu watatu ampigie. Tangu kifungwe kiwanda cha barafu alichokitumikia, fundi huyu wa mitambo ya baridi amewapa mawakala watatu wa ajira kazi ya kumtafutia mwajiri. Wa kwanza ni Mama Rehani, mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa. Wa pili ni Bwana Chuwa, ambaye hukutana na watu wake mkahawani, mbele ya chai ya rangi. Wa tatu hajapata kumwona. Ni sauti tu ya simu. Kila mmoja amemwambia kuwa ipo kampuni kubwa inayotafuta msimamizi wa vyumba vya baridi, na kila mmoja amelificha jina la kampuni hiyo, kama ilivyo desturi ya mawakala, wasije wakapitwa pembeni wakakosa ada yao. Naye Elifuraha hajamwambia yeyote kuwa wapo wengine. Mkewe, Nakijwa, anakusanya sahani huku akimtazama kwa jicho la upande. Baba Eliza, anasema, kwetu Upareni mtu akitaka kuoa hutuma mshenga mmoja. Wewe umetuma watatu, na nyumba unayoposa huijui. Elifuraha anacheka. Mama Eliza, mwenye mitego mitatu halali na njaa. Sawa, anajibu Nakijwa, lakini akiitega yote kwenye njia moja, atakuja kunasa mguu wake mwenyewe. Kisha anaingia jikoni. Elifuraha anataka kumjibu, maana si mtu wa kukubali kushindwa neno, lakini kope zinamlemea, mlio wa sufuria unakwenda mbali na kuzidi kwenda mbali, na kizingiti chini ya miguu yake kinalegea kama udongo ulionyeshewa, naye anavuka.

Anavuka, na ua haupo. Kuna barabara nyeupe isiyo na vumbi wala kivuli, na barabara hiyo inazaa barabara nyingine, na hiyo inazaa nyingine, na zote zinapanda bila kilima. Mwanamke anatembea mbele yake. Mwendo ni wa Mama Rehani, kilemba ni cha Mama Rehani, lakini anapogeuka, mahali pa uso pana ngozi laini tupu, kama kitako cha chungu. Elifuraha anamfuata hata hivyo. Tunakwenda wapi, mama? Kwenye nyumba yenye mlango mmoja, anajibu yule asiye na uso. Nyumba ya nani? Ya anayekusubiri bila kukujua. Nipe jina lako nilitangulize, mwanangu. Mtu huingia baada ya jina lake. Elifuraha anaona haya kukataa, kwa kuwa amelelewa kutomkatalia mama wa watu, na analitamka jina lake. Linamtoka kama jino linavyotoka, lina uzito, na yule mama analifunga kwenye pindo la khanga na kushika njia ya kulia.

Anabaki akitembea, na barabara inakuwa mji, na mji wote ni vioo. Kila duka ni kioo na kila kioo kinamwonyesha yeye, lakini si yeye hasa. Katika kimoja amepunguziwa umri na mvi hazipo. Katika kingine ana tai nyekundu na anazungumza Kiarabu ambacho hakijui. Katika cha tatu anatabasamu, na tabasamu hilo linaendelea hata baada ya yeye mwenyewe kufumba mdomo. Anaharakisha, na wale wa vioo wanaharakisha. Anasimama, nao hawasimami. Karibu chai, fundi, inasema sauti ya Bwana Chuwa, na hapo pana meza katikati ya barabara, na mtu mnene asiye na uso anamimina chai kwenye kikombe kisichojaa. Hao ni nani, bwana? anauliza Elifuraha. Ni wewe, nimekupiga pasi kidogo. Aendaye ukweni hujipaka mafuta, au siyo? Anacheka, ingawa hana pa kuchekea. Jina nitakutungia, anasema, lakini fundi ni mikono. Nikopeshe hiyo mikono nikawaonyeshe. Kuna nyumba inaitaka sana. Nyumba gani? Iliyo karibu ukiiacha na mbali ukiifuata. Elifuraha anafikiri juu ya Nakijwa anayeuza nguo zake moja moja bila kumwambia, na anainyoosha mikono mezani. Haimuumi. Hilo ndilo linalomtisha, kwamba haimuumi. Bwana Chuwa anaichukua kama mtu achukuavyo glavu na kushika njia ya kushoto.

Sasa anakimbia, mabega yakining'inia mepesi, na vioo vinakimbia naye, na nyuma ya sikio lake inakuja ile sauti ya simu, ya upole, isiyo na mwili. Mzee wangu, mimi sikuchoshi. Nataka picha tu. Sina picha, anasema Elifuraha akihema. Unayo, umeivaa. Hapana, ndugu, hii siitoi. Wenzangu wamekwisha kufika, inasema sauti, na nafasi ni moja, ukichelewa, usinilaumu. Basi hofu ya kukosa inaishinda hofu ya kutoa, kwa sababu njaa ina hila zake, na Elifuraha anainamisha kichwa kama mtu anayevuliwa kofia. Upepo wa baridi unampiga mahali ambapo hapajawahi kupigwa na upepo.

Barabara zote tatu zinakutana. Mbele kuna ukuta mrefu na lango la chuma, na kutoka ndani inakuja ngurumo ya kompresa na harufu kali ya amonia, gesi ya kugandishia barafu. Elifuraha anaijua harufu hiyo kuliko manukato yoyote. Ndiyo kazi, ndiyo riziki, ipo palepale nyuma ya chuma. Lakini watatu wamemtangulia langoni. Mmoja ana jina lake, mmoja ana mikono yake, na mmoja, Mungu amnusuru, ana uso wake, na unampendeza. Hodi, wanasema kwa pamoja. Nani? inauliza sauti nzito ya mwenye nyumba. Elifuraha Mchome, wanajibu wote. Kisha ile sauti inasema, posa moja imeletwa na washenga watatu. Nyumba hii haigombaniwi na watu wa mchumba mmoja. Tukimchukua kwa huyu, yule atatushitaki akidai ada yake. Fungeni. Komeo linaanza kuteleza. Mimi ndiye mwenyewe, anasema Elifuraha akisukuma lango kwa kifua. Mwenyewe ni yule aliyeletwa, inajibu sauti. Uliletwa na nani? Sema mmoja, na wengine wataondoka na walichobeba. Anawageukia. Mama, nirudishie. Bwana Chuwa, tafadhali, tulikunywa chai pamoja. Ulinipa jina nilitangulize, anasema mmoja. Ulinikopesha mikono mwenyewe, anasema mwingine. Hukuniambia kuwa wapo hawa, anasema wa tatu kwa mdomo wa Elifuraha mwenyewe. Komeo limebaki upana wa kidole. Nimeletwa na Mama Rehani, anasema. Jina linarudi kifuani pake, lina joto la pindo la khanga. Wale wawili wanaitikia kwa adabu na kuondoka, mikono yake ikipunga kwaheri, uso wake usigeuke nyuma. Lango linafunguka. Ndani ni barafu tupu, ukuta wa barafu inayong'aa, na anapojitazama humo anaona shati lake, na ukosi, na juu ya ukosi hakuna kitu.

Simu inalia. Yupo kwenye kiti, Makorora, jua limeinama kidogo. Mikono imekufa ganzi, labda aliilalia. Anaibonyeza simu kwa kiwiko. Ni Mama Rehani, anacheka kwa furaha. Bwana Mchome, hongera, wamekukubali. Eti walipata jina lako kwa watu wengine pia, nikawaambia wewe ni wangu. Njoo kesho usaini. Elifuraha anashusha pumzi ndefu. Ilikuwa ndoto. Anacheka peke yake, anataka kumwita Nakijwa amwambie kuwa mitego yake imenasa mnyama na mguu upo salama. Nakijwa anatoka jikoni akijifuta mikono. Anasimama ghafla, akimtazama kama mtu asiyemjua. Kisha anajifunga khanga vizuri, kama afanyavyo mbele ya wageni wa kiume, na kumwinamia kidogo.

Karibu, baba, anasema. Mwenyewe hayupo, ameniaga sasa hivi, amepata kazi. Keti tu umsubiri.