Ingobyi Isiyo na Kufuli

Mambo yaliharibika Jumatano ya Majivu, tarehe tano Machi mwaka 2025, saa nne asubuhi. Kabla ya hapo Nduwayezu alikuwa mtu mwenye mke, mwenye maharage shambani, asiye na neno na kiongozi yeyote. Saa nne ile mkewe Maximilla alianguka jikoni ameshika tumbo. Kuketi kwenye bodaboda asingeweza, hata kama ingepatikana ya kushuka mteremko wa Titye uliokwisha kulowa.

Kwa watu wa milima hii hilo si jambo la kuwashinda. Mgonjwa hulazwa kwenye ingobyi, machela ya mianzi iliyosukwa kama kapu refu. Wanaume wanne huingiza mabega chini ya miti yake, wengine hufuata nyuma kupokezana, na hakuna anayeuliza mgonjwa ni wa dini gani. Ya kitongoji chao ilining'inia ukutani mwa kigango tangu enzi za wazee. Lakini mwezi Januari mtu mmoja aliisombea matofali, basi kamati ya kigango ikakaa, ikaandika muhtasari, ikaitia stoo na kufuli juu. Mwenyekiti, katibu na katekista wakawa wanapokezana ufunguo.

Siku ile wote watatu walikuwa Kasulu mjini kwenye semina ya viongozi. Baadaye Nduwayezu aliambiwa mada yenyewe: namna ya kuishi Kwaresima yenye maana.

Simu zao zilikuwa zimezimwa. Jirani yake Isihaka, Mwislamu aliyekuwa na saumu yake ya Ramadhani, alilipiga lile kufuli kwa jembe mpaka mpini ukakatika. Mwishowe waling'oa mlango wa nyumba ya Nduwayezu, wakamlaza Maximilla juu yake. Mlango hauna kingo. Kila penye utelezi walisimama kumshika asiporomoke. Alikata roho kabla ya barabara kubwa, na neno lake la mwisho lilikuwa kumwambia Isihaka ampishe mwingine, mtu hawezi kubeba hivyo na njaa.

Kwenye mazishi kamati ilisema ni mapenzi ya Mungu. Nduwayezu aliuliza nani alikuwa na ufunguo. Mwenyekiti alisema katibu. Katibu alisema katekista. Katekista alisema alimwachia mwenyekiti tangu Jumapili. Kisha wote wakamwambia ale kidogo, apate nguvu.

Mwaka ukazunguka. Kwaresima iliyofuata watu walitangaziana wanachoacha: huyu pombe, yule nyama. Nduwayezu hakutangaza. Pombe hakunywa, na nyama alikuwa ameiona lini? Alipopakwa majivu alikwenda moja kwa moja kwenye mianzi ya bondeni na panga lake. Kila jioni alipasua, akachonga, akasuka, vidole vikichanika, na Isihaka akija kumshikia ncha ya pili huku akimtania kwamba kwa mafundo yale mgonjwa atapona kwa hofu tu. Shule Nduwayezu aliiacha darasa la tatu, muhtasari hawezi kuandika. Kusuka anaweza.

Ijumaa ya tano aliitundika ingobyi mpya ukutani mwa kigango, kwenye vigingi viwili, mahali penye kufikika na kila mkono.

Jumapili alifuatwa na mwenyekiti Niyubahwe pamoja na katekista Evaristi. Walimpongeza kwanza, kwa maneno mengi. Halafu wakamweleza kwamba kifaa kikikaa kanisani kinaingia kwenye utaratibu, na utaratibu ni stoo. Aliwaambia si cha kanisa, ni cha yeyote atakayeanguka. Evaristi, ambaye si mtu mbaya, akashusha sauti, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Baba Benita, hiki ni kipindi cha kusamehe."

"Niko tayari tangu mwaka jana, Mwalimu. Nioneshe mtu wa kumsamehe."



Ijumaa Kuu watu walikusanyika kwa Njia ya Msalaba. Walipofika ukutani, mwenyekiti alitoa mfukoni kufuli jipya, bado liko kwenye karatasi yake, na mnyororo. Alisema kamati imeamua, na leo si siku ya ubishi.

Nduwayezu aliishusha ingobyi chini, akavua ndala, akajilaza ndani. Mzee wa miaka sitini na minne, mikono kifuani kama maiti.

"Tia kufuli, mwenyekiti. Ila na mimi nimo."

Kina mama wa mbele walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mwenyekiti alimwomba ainuke, asimwaibishe Kristo. Nduwayezu alijibu kwamba Kristo hata yeye alibebewa mzigo na mtu wa kupita njiani, na wala hakuandikiwa kibali. Hapo ndipo Isihaka, aliyekuwa anapita na jembe lake, alipoliweka chini. Aliingiza bega. Wakaja wanaume watatu wa jumuiya, bila kuitwa. Ingobyi ikapanda juu, mianzi ikalia, mafundo yakashika.

Hivyo ndivyo walivyokwenda, msalaba mbele, Nduwayezu nyuma yake, mwenyekiti kando na mnyororo usio na mahali pa kuufunga. Katika kila kituo, watu walipopiga magoti, wabebaji walisimama, na kutoka juu ya mabega yao sauti moja iliuliza jambo lilelile, polepole, kama mtu anayesali. Vituo kumi na vinne, mara kumi na nne. Evaristi alipofunga kitabu, macho ya wote yalikuwa kwa watu watatu wa kamati, na wao walitazamana.

"Siku ile, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani?"