Bati Moja Juu ya Kitanda

Saa kumi kasoro dakika kumi na nane, taa ya kifaa changu ilikuwa bado nyekundu, na saa kumi kamili mgodi ungelipua baruti.

Nilikuwa chumbani kwa Mama Felician, mjane ambaye ukuta wake una ufa unaoingia mkono. Miaka mitatu amekuwa akisema ni baruti. Mgodi unasema ni udongo, ni malori, ni fundi aliyebania saruji. Kijiji kikaniita kutoka Shinyanga nipime mitetemo. Mwezi uliopita nilipima, nikaiharibu kazi mwenyewe. Kwa uvivu wa kupanda juu niliiweka antena, ile inayokipa kifaa saa sahihi kutoka kwenye setilaiti, chini ya upenu, haikuziona setilaiti, saa ya kifaa ikachelewa sekunde kumi na moja. Marcel, afisa wa mgodi, alicheka. Eti mtetemo wetu haukulingana na muda wao wa kulipua, basi ulikuwa wa lori. Aibu ile haijaniisha. Tulikubaliwa kipimo kimoja zaidi, cha mwisho.

Sasa Marcel alisimama mlangoni na karatasi yake ya muda wa kulipua. Kifaa kilikuwa kimepigwa lakiri sakafuni, hakiruhusiwi kusogezwa. Waya wa antena ulitafunwa na panya wa gesti niliyolala Nyarugusu, nikaukata, zikabaki mita tatu. Nikaupitisha dirishani. Mti na ukuta wa jirani vikaziba anga. Setilaiti mbili tu, na nilihitaji nne ili taa iwe kijani.

"Juu pako wazi," nikasema, nikitazama bati. Chumba hakikuwa na dari. "Waya utafika. Ila..."

"Ila nini, Eunice?" Mama Felician akauliza.

Marcel akaniwahi. "Mama, ukifumua paa nitaandika kwamba nyumba umeiharibu mwenyewe. Na mvua hiyo inakuja."

Mimi nina hasira za karibu, lakini hapo nikazimeza, maana angekuwa ameandika ukweli. Niliogopa. Saa ikikataa tena, mama angekosa ushahidi na paa pia.

Mama Felician hakumtazama. Akavuta meza, akapandisha kiti juu yake, akanipa nyundo.

"Ng'oa."

Nikapanda, nikaligonga bati kwa chini mpaka misumari ikaachia upande mmoja. Nikapenyeza antena, nikaibana kwa kipande cha tofali. Nilishamwonyesha mama mahali pa kusoma idadi ya setilaiti kwenye kioo cha kifaa.

"Tatu," akasema.

Zikabaki dakika sita. Matone ya kwanza yakanipiga usoni. Nikaisogeza antena mbali na tawi.

"Tatu bado. Nne. Sita. Eunice, imekuwa kijani."

Zilibaki dakika mbili. Nikashuka taratibu nisitikise sakafu, na hata Marcel hakuhamisha mguu.

Ardhi ikatusukuma nyayo. Vumbi likamwagika kutoka kwenye ufa.

Marcel akainama kwenye kioo cha kifaa, akarudi kwenye karatasi yake, akarudi kwenye kioo. Saa kumi kamili, huku na huku. Akatoa kalamu, akaweka sahihi. Mvua ilikuwa inanyesha kitandani, na hakuna aliyekisogeza.

"Usiandike tu," Mama Felician akasema. "Niambie mimi. Nani ametikisa nyumba yangu?"

Marcel akamgeukia. Akaifunga kalamu, akaitia mfukoni.

"Ni sisi, mama."

Mama Felician akakaa kwenye godoro lililolowa, akalia kwa sauti.